Mei 1794: Dibaji Iliyoondolewa na Mwisho Ulioandikwa Upya

Dibaji ya riwaya ya mwanafalsafa Mwingereza William Godwin, Things as They Are; or, The Adventures of Caleb Williams, imeandikwa tarehe 12 Mei 1794. Siku hiyohiyo, mjini London, serikali ilimkamata Thomas Hardy, fundi viatu aliyekuwa katibu wa London Corresponding Society, chama cha mafundi na watu wa kipato kidogo waliodai kila mwanamume awe na kura. Wiki mbili baadaye, tarehe 26, riwaya ikatoka katika juzuu tatu. Dibaji haikuwemo. Wauza vitabu waliingiwa na hofu, na Godwin akakubali kuiondoa.

Habari hiyo husimuliwa sana, na inastahili. Lakini siku chache kabla yake palitokea jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi. Godwin alimaliza kuandika riwaya tarehe 30 Aprili. Kisha, kati ya tarehe 4 na 8 Mei, akautupa mwisho aliokuwa ameuandika na kutunga mwingine ulio kinyume nao kabisa. Tunazijua tarehe hizi kwa sababu alikuwa na shajara ambamo kila siku aliandika maneno machache tu: amesoma nini, amemtembelea nani, ameandika kurasa ngapi. Wasomaji wengi huyatia mabadiliko haya mawili katika kapu moja, kapu la woga. Kalenda inakataa. Mwisho mpya ulikuwa tayari siku nne kabla Hardy hajakamatwa. Ukitaka kuona Mapinduzi ya Ufaransa yaliifanyia nini riwaya ya Kiingereza, itakubidi uutazame mwisho huo kivyake na dibaji kivyake.

Kwanza hali ilivyokuwa. Gereza la Bastille lilipovunjwa Paris tarehe 14 Julai 1789, Waingereza wengi walishangilia. Waliona jirani anafanya walichofanya wao karne moja nyuma, walipomtimua mfalme wao mwaka 1688. Novemba 1790 mbunge Edmund Burke akatoa kitabu cha kuyalaani mapinduzi hayo, akaomboleza kwamba zama za uungwana wa makabaila zimekwisha. Mary Wollstonecraft alimjibu mwezi huohuo. Thomas Paine akafuata mwaka 1791 na Rights of Man, kitabu kilichosomwa hadi katika vilabu vya pombe. Kwa miaka miwili mitatu Uingereza ikawa nchi ya kujibizana kwa vitabu na vijitabu. Kisha mambo yakabadilika. Septemba 1792 wafungwa waliuawa kwa halaiki katika magereza ya Paris. Januari 1793 mfalme Louis wa 16 alikatwa kichwa. Februari mosi Ufaransa ikatangaza vita dhidi ya Uingereza. Kuanzia hapo, Mwingereza aliyedai mabadiliko nyumbani alionekana kibaraka wa adui.

Godwin alichagua wakati mbaya, au mzuri, itategemea unamuuliza nani. Alikuwa mtoto wa mchungaji wa dhehebu lililokuwa nje ya kanisa la serikali, naye mwenyewe alipata kuwa mchungaji kabla imani haijamtoka. Februari 1793, vita vikiwa na wiki mbili tu, alitoa Enquiry Concerning Political Justice, kitabu kinachodai kwamba serikali zote, na si mbaya peke yake, huharibu akili na tabia za watu. Dawa yake haikuwa bunduki. Aliamini ukweli ukisemwa waziwazi na bila hasira, mtu kwa mtu, hatimaye hushinda; vyama vya siasa na mikutano ya hadhara alivitilia shaka, kwa sababu umati hauwezi kufikiri. Kitabu kiliuzwa pauni 1 na shilingi 16. Inasimuliwa kwamba serikali ilifikiria kumshtaki, na waziri mkuu Pitt akasema kitabu cha bei kama ile hakiwezi kuwadhuru watu wasio na hata shilingi tatu za ziada. Iwe Pitt alisema hivyo au watu walimtungia, Godwin mwenyewe aliliona pengo hilo. Ndiyo maana akaingia kwenye riwaya. Katika dibaji ile aliandika kwamba roho ya serikali hupenya hadi katika kila tabaka la jamii, na kwamba ukweli huo wanafalsafa wanaujua. Sasa lazima uwafikie watu ambao vitabu vya falsafa havitawafikia kamwe.

Kisa chenyewe ni hiki. Caleb Williams ni kijana wa watu maskini, yatima, mwenye kupenda vitabu. Anaajiriwa kuwa katibu wa Ferdinando Falkland, kabaila msomi, mkarimu, mwenye adabu za kupigiwa mfano lakini mwenye huzuni isiyoelezeka. Udadisi unamsumbua Caleb mpaka analifumbua fumbo. Miaka ya nyuma Falkland alidhalilishwa mbele za watu na kabaila mwenzake, Barnabas Tyrrel, mtu mjeuri aliyemwangusha chini kwa ngumi na kumpiga mateke ukumbini. Usiku huohuo Tyrrel aliuawa kwa kisu. Walionyongwa kwa mauaji hayo ni Hawkins, mkulima, na mwanawe. Muuaji alikuwa Falkland. Anakiri kwa Caleb faraghani, anamwapisha asiseme, na tangu siku hiyo Caleb hana pa kujificha. Anapotoroka anasingiziwa wizi, vito vya bwana wake vinakutwa ndani ya sanduku lake, anafungwa, anatoroka jela, anaishi na majambazi, anajigeuza ombaomba, na popote aendapo mwindaji aitwaye Gines yuko nyuma yake.

Hapa nataka kusimama kwa Hawkins, kwa sababu ndipo unapoona jinsi Godwin alivyoigeuza siasa kuwa hadithi. Tyrrel anamtaka kijana wa Hawkins awe mtumishi nyumbani kwake. Baba anakataa. Basi Tyrrel anaifunga kwa mageti na makufuli njia ambayo mkulima huyo anapitia kwenda barabara kuu na sokoni. Usiku mmoja kijana anatoka, anavunja makufuli, anayafungua mageti. Amevaa koti kubwa, amelifunga vifungo hadi usoni. Basi. Sheria ya mwaka 1723 iliyoitwa Black Act, iliyotungwa kwa ajili ya wawindaji haramu waliojipaka masizi usoni, ilihesabu mtu aliyefanya uharibifu wa namna hiyo huku ameficha uso kuwa amestahili kunyongwa. Tyrrel hahitaji kuvunja sheria yoyote ili ammalize mpangaji wake. Sheria ni yake. Sura hiyo haina neno "mapinduzi" wala "haki za binadamu", lakini mtu aliyekuwa amesoma habari za Paris angejua anachosomewa: makabaila wa Ufaransa walikuwa na haki zao za kuwinda na kupitisha, na wa Uingereza wana makufuli na Black Act.

Mahali pamoja Ufaransa ya mapinduzi inaguswa bila kificho. Caleb yuko jela, ananusa uvundo, anahesabu pingu, anasikiliza mahabusu wakifa kabla ya kesi zao kusikilizwa, halafu anamnukuu Mwingereza wa kawaida anayejisifu: Mungu ashukuriwe, kwetu hakuna Bastille! Kwetu mtu haadhibiwi bila kosa! Caleb anamjibu kwa ukali: mjinga wewe, nchi ya uhuru ni ile ambayo maelfu wanaozea kwenye mashimo na minyororo? Nenda ukayaone magereza yetu, kisha uje uniambie hatuna Bastille. Godwin hakuyabuni mazingira hayo. Aliyachota katika ripoti za magereza za John Howard, mpigania mageuzi ya magereza, na katika Newgate Calendar, mikusanyo ya habari za wahalifu iliyokuwa ikisomwa sana.

Lakini jambo kubwa zaidi ni nani anayesimulia. Godwin alianza riwaya katika nafsi ya tatu, akaona haisogei, akaiacha na kumpa Caleb mwenyewe usimulizi. Riwaya za nafsi ya kwanza zilikuwepo tangu zamani, mwandishi Daniel Defoe alishazifanya. Tofauti ni kwamba hapa mtumishi anasimulia kama mshtakiwa anayejitetea, na kila alipoufungua mdomo mbele ya hakimu, hakuaminiwa. Falkland naye ni hakimu. Hii ni riwaya ya ushahidi: neno la nani linahesabiwa kuwa ushahidi, na la nani linahesabiwa kuwa uzushi wa mtumishi asiye na shukrani. Akiwa London, Caleb anamsikia mchuuzi barabarani akinadi karatasi ya nusu peni inayosimulia vituko vyake vya wizi na kutoroka; hata hadithi ya maisha yake imeshaandikwa na wengine na inauzwa. Katika nchi ambayo miaka minne mizima ilikuwa ikigombania kwa vijitabu nani ana haki ya kulisemea taifa, ukurasa ule haukuwa mapambo.

Sasa mwisho. Katika mswada wa kwanza Caleb anampeleka Falkland mbele ya hakimu na kumshtaki kwa mauaji. Falkland, mgonjwa na hoi, anakana. Hakimu anamwamini muungwana. Caleb anarudishwa kifungoni, akili inaanza kumtoka, sentensi zinakatikakatika, na kurasa za mwisho ni manung'uniko ya mtu anayejiona jiwe la kaburi lenye maandishi kwamba hapa amelala aliyekuwa binadamu. Ni mwisho wenye nguvu. Unakubaliana moja kwa moja na jina la riwaya: hivi ndivyo mambo yalivyo, mnyonge hashindi kesi.

Katika mwisho mpya Caleb anaingia chumba kilekile cha hakimu, anamwona Falkland amebaki mifupa na ngozi, na hasira inamyeyuka. Badala ya kushtaki tu, anasimulia kila kitu huku akimsifu bwana wake na kujilaumu mwenyewe. Falkland hastahimili. Anajitupa mikononi mwa Caleb na kukiri mbele ya wote kwamba yeye ndiye muuaji. Siku tatu baadaye amekufa. Caleb ameshinda kesi na hana furaha hata chembe. Anajiona yeye ndiye muuaji sasa. Alianza kuandika kumbukumbu zake ili asafishe jina lake, na anamaliza kwa kusema hana tena jina analotaka kulisafisha.

Wanaosema Godwin alilegeza kamba wanayo hoja: katika mwisho mpya mahakama inafikia ukweli, na kabaila anakufa kwa heshima, akililiwa na mtumishi wake. Msomaji wa mrengo wa kushoto anaweza kukasirika, na wako waliokasirika. Mimi nausoma kinyume. Katika mwisho wa kwanza tatizo ni hakimu mbovu. Mpate hakimu mwema na Caleb angepona. Katika mwisho wa pili hata ukweli unaposhinda, umeshapitia kwenye chombo kilichoharibika na unaua. Caleb mwenyewe anaona kosa lake: angemwendea Falkland faraghani, akamfungulia moyo wake mtu kwa mtu, Falkland asingeweza kumkatalia. Hilo ni fundisho la Political Justice neno kwa neno, ukweli wa ana kwa ana dhidi ya mahakama na vyama. Na linamgusa pia mwanamapinduzi. Caleb ndiye aliyemwangusha kabaila, na katika kumwangusha ametumia silaha za kabaila: upelelezi, mashtaka, hukumu. Mei 1794 mashine ya kukatia vichwa ilikuwa inafanya kazi Paris kila siku. Mwandishi aliyeyapenda mapinduzi na kuichukia damu alikuwa na sababu ya kujiuliza mshtaki anabaki na nini akishashinda.

Tena kuna kesi ambayo ilikuwa karibu zaidi na meza yake. Joseph Gerrald, mtu aliyefahamiana naye, alihukumiwa Edinburgh Machi 1794 kwa uchochezi na kupewa miaka 14 ya uhamisho huko Botany Bay, koloni la wafungwa Australia. Kabla ya kesi, Godwin alimwandikia barua ndefu akimshauri asiwatukane majaji, aseme kwa upole na ukweli ili hata adui zake waguswe. Gerrald alisema vizuri mno. Alifungwa hivyohivyo, na miaka miwili baadaye akafia Sydney. Ukiziweka pamoja barua ile na hotuba ya mwisho ya Caleb, unaona mtu anayejaribu katika riwaya kile ambacho mahakama ya kweli ilikuwa imekikataa wiki chache tu nyuma.

Turudi kwenye dibaji, ambayo haina utata kiasi hicho. Ilisema riwaya itapitia "udhalimu wa majumbani usioandikwa popote", ambao kwa huo binadamu humwangamiza binadamu. Mwezi huohuo wa Mei bunge lilisimamisha haki ya habeas corpus, kinga ya mahabusu kutokaa ndani bila kufikishwa mbele ya hakimu. Watu 12 wakafunguliwa mashtaka ya uhaini, akiwemo rafiki mkubwa wa Godwin, mwandishi Thomas Holcroft. Adhabu ilikuwa kunyongwa, kutumbuliwa na kukatwa vipande. Sheria yenyewe ilikuwa ya mwaka 1351, inayomhesabu kuwa haini mtu anayewazia kifo cha mfalme, na Jaji Mkuu Eyre akaitanua: anayepanga kubadili mfumo wa utawala anaweka maisha ya mfalme hatarini, kwa hiyo ni kana kwamba amekiwazia kifo chake.

Godwin aliyeiondoa dibaji kimya kimya mwezi Mei hakukaa kimya Oktoba. Tarehe 21 gazeti la Morning Chronicle lilichapa makala yake bila jina, Cursory Strictures, iliyouchambua mwongozo wa Eyre kipengele kwa kipengele na kuonyesha kwamba jaji anatunga kosa jipya ambalo bunge halijawahi kulitunga, kisha anataka kuwanyonga watu kwalo. Soma makala hiyo baada ya riwaya na utaona mkono ni uleule: mtu anayejua jinsi maelezo ya upande mmoja yanavyopangwa mpaka yageuke ushahidi. Hardy aliachiwa tarehe 5 Novemba baada ya kesi iliyoanza Oktoba 28. Mshtakiwa mwenzake John Horne Tooke akafuata mwezi huo, na mwingine, John Thelwall, Desemba. Holcroft aliachiwa bila hata kusikilizwa. Toleo la pili la Caleb Williams likarudisha dibaji, na chini yake maelezo ya Oktoba 1795: vitisho ndivyo vilivyotawala, ikahofiwa kwamba hata mtunzi mnyonge wa riwaya angeweza kuthibitishwa kuwa haini kwa tafsiri ya sheria. Ni sentensi yenye kejeli, na bado ilikuwa mapema kushangilia. Desemba hiyo bunge likapitisha sheria mbili mpya za kubana mikutano na maandishi.

Upande wa pili nao ulijifunza. Wapinga mapinduzi waliokuwa wakiidharau riwaya kama burudani ya wasichana wakagundua ni silaha. Mwishoni mwa miaka ya 1790 zikamiminika riwaya za kumkejeli "mwanafalsafa mpya", mtu mwenye maneno ya Godwin mdomoni na tamaa za hovyo mfukoni. Ya George Walker ilitoka 1799, ya Elizabeth Hamilton 1800. Nyingi ni za kuchosha kusoma. Lakini ni ushahidi kwamba kwa muda wa miaka kumi riwaya ya Kiingereza ilikuwa uwanja wa mjadala wa kitaifa, hadhi ambayo haikuwa nayo kabla ya 1789. Jukwaani, George Colman aliigeuza hadithi kuwa mchezo, The Iron Chest (Sanduku la Chuma), mwaka 1796, akaiacha siasa nje na kubaki na sanduku la siri la bwana.

Hivyo ndivyo historia ya fasihi ilivyoendelea kumtendea. Kila kizazi kilichukua sanduku na kuacha siasa. Binti yake Mary Shelley alimtunukia Godwin riwaya ya Frankenstein mwaka 1818, akimtaja kuwa mwandishi wa Political Justice na Caleb Williams. Humo pia kuna anayeumba na aliyeumbwa wanaowindana hadi kufa, na kiumbe anayeomba asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Yeye angalau aliichukua hoja nzima. Mwaka 1831 riwaya ilipochapwa upya katika mfululizo wa vitabu vya bei nafuu, Things as They Are lilikuwa limeachia nafasi ya mbele, kikabaki Caleb Williams. Mwaka uliofuata, katika utangulizi wa riwaya nyingine, Godwin alieleza alivyoitunga: alianza kuwaza juzuu ya tatu, mtu anayekimbizwa, akarudi ya pili kutafuta sababu ya kukimbizwa, kisha ya kwanza. Kuhusu Ufaransa hakusema mengi. Edgar Allan Poe alipoandika insha yake ya 1846 juu ya namna ya kutunga, alifungua kwa barua ya Dickens iliyomuuliza kama anajua kwamba Godwin aliiandika Caleb Williams kinyumenyume. Kutoka hapo ikaingia katika vitabu vya historia kama babu wa hadithi za upelelezi, na wanafunzi wengi wanaijua kwa sifa hiyo tu.

Mwisho wa kwanza ulilala kwenye mswada, ambao sasa umo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, hadi miaka ya 1960 watafiti walipouleta hadharani. Siku hizi matoleo mengi ya kitaaluma huuchapa kama kiambatisho nyuma ya kitabu, baada ya neno la mwisho la Caleb. Ningependa wauweke mbele, pamoja na dibaji, na tarehe zake zote mbili juu ya ukurasa.